Povu la Sabuni Lililonitetea

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa. Magoti yamechoka, lakini mdomo bado una nguvu.

Mimi ndiye mnayemwita Kambo, bibi yake Béni. Nilipomzika mume wangu kule Mitwaba, mwanangu Ilunga alinileta kwake hapa mjini, mtaa wa Bel-Air. Akanipa chumba kinachopakana na jiko, na mjukuu wangu Béni akawa analala nami. Nilifurahi! Mtu aliyefiwa akisikia pumzi ya mtoto kando yake, anapata sababu ya kuamka.

Siku zilezile Ilunga alinunua jiko la gesi, maana courant ya umeme inaenda na kurudi inavyotaka, na makala, yaani makaa, yanatutia weusi sisi na sufuria. Akaliunga mwenyewe na rafiki yake. Chupa ya gesi hawakuiacha nje, mnawajua wezi wa mtaa wetu! Waliificha chini ya kitanda changu, wakatoboa ukuta, wakapitisha mpira hadi jikoni. Pale kwenye chupa wakaufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kama tunavyofunga kila kitu hapa kwetu.

Haikuchukua muda, harufu ikaanza, kama ya mayai yaliyooza. Jikoni kidogo, chumbani mwangu sana. Béni akawa anaumwa kichwa na kutapika. Akilala kwa mama yake anaamka mzima. Akirudi kwangu, kichwa tena. Ndugu zangu, mnajua watu husema nini juu ya mjane mzee aliyetoka kijijini, mtoto akiugua kitandani pake! Mkamwana wangu, Mama Béni, akaacha kula chakula nilichopika. Siku moja nilimsikia akimwambia Ilunga:

"Hii arufu ilikuya na mama yako. Arudie kwabo, miye nibakie na mutoto wangu."

Mwanangu aliendelea kula. Hilo ndilo lililoniumiza. Nililia mbele za Mungu, kisha nikaanza kujichunguza. Labda kuna kitu ndani yangu nisichokijua! Mtu akishukiwa sana, mwishowe anajishuku mwenyewe.

Ilunga na mkewe wakapatana hivi: Jumamosi waombezi waje kukitakasa chumba, na harufu isipoondoka, nipande lori la Mitwaba. Nikafunga nguo zangu kwenye kitenge. Waombezi walikuja. Wako hapa leo, nawapenda, walikuja kwa moyo safi. Tulifunga mlango na madirisha ili majirani wasisikie aibu yetu. Courant haikuwepo, chumba kikawa na giza. Mama Béni akashika mshumaa na kibiriti.

Ndipo tukasikia, "Hodi!"

Alikuwa Baba Ramazani, fundi wa gesi, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, aliyesomea kazi hiyo na kufunga majiko ya kantini kule mgodini Kinsevere. Ilunga alimwita kwa sababu moto wa jiko ulikuwa dhaifu. Hakuwaza kabisa kwamba moto ule na harufu ile ni jambo moja! Baba Ramazani alifungua mlango, akanusa, akapaza sauti:

"Mama, weka kibiriti chini! Bantu bote batoke inje!"

Tulitoka mbio, hata mimi na magoti haya! Akafunga chupa, akafungua madirisha yote, akaitoa chupa uani pamoja na mpira wake. Akapaka povu la sabuni juu ya ule utepe wa baiskeli, akaziba ncha ya pili ya mpira, akafungua gesi kidogo tu. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Tukalitazama sote.

"Arufu yenu njo hii," akasema. "Gaz iko natokea hapa. Mungewasha ile bougie ya mama, leo bangebalilia bote."

Mpira ule alikataa katakata kuurudisha. Alileta mpira wa gesi hasa, akaukaza kwa pete za chuma. Chupa akaiweka nje penye hewa, ndani ya kizimba chenye kufuli. Akapaka povu tena kwenye kila kiungo, na safari hii povu likatulia. Akamfundisha Mama Béni kufunga chupa kila amalizapo kupika. Ndipo akawasha jiko.

Mama Béni alipiga magoti mbele yangu. "Mama, unisamee. Nilikuwa nakuogopa."

Nilitaka angojee kidogo, kama nilivyongoja mimi. Kisha nikamwinua, tukalia pamoja, na Ilunga naye akalia.

Ndugu zangu, tangu siku ile nawaza. Mimi povu la sabuni lilinitetea. Ni akina kambo wangapi waliopandishwa lori, na hakuna aliyepaka sabuni kwa ajili yao? Mungu alisikia kilio changu, akamtuma fundi anayejua kazi yake, tena mtu asiyesali nasi! Mtumainini huyo Mungu. Na mtoto akiugua nyumbani, kabla hamjalitaja jina la mzee wenu, ombeni, fungueni madirisha, mwiteni anayejua.

Béni amerudi kitandani kwangu. Harufu iliyobaki chumbani ni ya mkojo wake, na kila asubuhi nikiinusa nasema, Baba, asante! Utukufu ni wako!