Tuachieni Sista wa Jumatano

Mgeni rasmi, Daktari Chemutai, msimamizi wa afya wa kaunti yetu, mchungaji wetu, majirani wa Lanet, na ninyi wote mnaosimama kwa sababu viti vimeisha: hamjambo na karibuni sana.

UKARIBISHO

Daktari, tumekuona ukiruka lile dimbwi la langoni bila kushikwa mkono, tukaambiana, huyu tumepata. Lile dimbwi si la mchezo. Mwaka wa mvua kubwa, flamingo wawili walihama Ziwa Nakuru wakaja kuishi hapo, na mpaka leo wenzao wanawatafuta. Jisikie nyumbani. Chai imepikwa na Mama Milcah, kiongozi wa kwaya, ambaye hajawahi kumwachilia mgeni aondoke akiwa bado anaweza kufunga mshipi.

Sisi ni Kikundi cha Keti Kwanza, waume kwa wake tuliokuwa tukitengeneza ndoo na mabeseni. Kwanza kabisa, asante. Ni wewe uliyetuletea Sista Jerotich, muuguzi wa magonjwa ya akili, anayekuja zahanati yetu kila Jumatano. Leo umekuja kutufungulia chumba tulichojenga kwa mikono yetu ili awe na mahali pa kuongea na watu bila watu wa foleni ya chanjo kusikia. Tumefurahi mpaka tumepaka rangi hata jiwe la kuzuia mlango.

TULIKOTOKA

Baba zetu wengine walitoka magharibi wakafuata reli. Wengine waliteremka kutoka Molo na Eldama Ravine wakitafuta mshahara. Kiwanda cha ndoo kikatukusanya. Na ndoo zenyewe, Daktari, zilikuwa ndoo! Kiboko wa Naivasha aliwahi kuketi juu ya moja. Ndoo ilibaki vile ilivyo. Kiboko ndiye aliyeondoka akishika kiuno.

Halafu kiwanda kikafungwa. Hatukuja kulaumu mtu. Mashine zilizeeka, mwenyewe akachoka. Tulidhani tumepoteza kazi peke yake. Kumbe kuna kitu kingine kiliondoka nayo, na hatukuwa na jina lake. Watu waliozoea kupiga kelele kushinda mashine wakawa hawasikiki hata kwa jikoni. Kipruto, ambaye alikuwa hodari wa kupakia lori, alikuwa akishinda kitandani akitazama mabati. Sisi tukasema ni uvivu. Wa pili tukasema ni pombe. Wa tatu tukamwombea mapepo yamtoke, na kumbe pepo lenyewe lilikuwa kukosa unga.

YALIYOMPATA FUNDI OGADA

Haya tunayasema kwa ruhusa yake. Yuko hapo mstari wa mbele, na ameonya kwamba tukimfanya mfupi kwa hadithi atasimama tumwone urefu.

Ogada, baba Natasha, alikuwa fundi wa mashine zetu. Kiwanda kilipofungwa alizunguka kila lango la Nakuru akitafuta kibarua. Kila lango lilimwambia arudi wiki ijayo. Nyumbani akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika. Mkewe, Edinah, akamnunulia dawa ya malaria, halafu ya vidonda vya tumbo. Sisi tukaenda kumwona, tukamwambia, "Jikaze, boss. Wewe ni mwanaume." Tulimpa ushauri mwingi kuliko unga.

Hakuna aliyejua alichokuwa akikifikiria. Akimwangalia Edinah akitoka kufulia watu nguo, aliona mzigo, na huo mzigo ulikuwa yeye. Alilala nao, akaamka nao. Mwishowe aliamini kabisa kwamba ile nyumba ingepumua vizuri kama yeye hayumo. Na alipoamini hivyo, akatulia. Uso ukafunguka. Akaanza kugawa vitu.

Sanduku la spana alimpa Kipruto. Baiskeli akampa Obura, mlinzi wa kanisa. Viatu vya Jumapili akampa Sitati, mwenye mguu mkubwa kuliko mtaro wa kaunti. Redio akampelekea Mama Milcah mlangoni.

"Baba Natasha, hii yote ni ya nini?" Mama Milcah akamwuliza.

"Chukua tu, mathe. Mimi sihitaji."

Mama Milcah akapiga kigelegele kilichosikika kambini kwa wanajeshi. "Ogada ameokoka! Ameachana na mali ya dunia!"

Hapo ndipo tulipokosea, Daktari. Kanisani kwetu mtu akitubu hutoa, na akitoa hushangiliwa. Sisi tuliona mtu anagawa kila kitu akitabasamu, tukamfanyia ibada ya shukrani. Tulikodisha tenti. Tulisonga ugali, tukachinja kuku, tukamweka Ogada kwenye kiti cha mbele kama bwana harusi. Kila aliyepewa kitu akasimama kushuhudia. Sitati alishuhudia akiwa amevaa vile viatu, na vilikuwa vinalia.

Ogada alituangalia tukimshukuru. Ametuambia baadaye kwamba alijiona kama mtu aliye upande ule wa kioo: midomo yetu anaiona, sauti haifiki. Alikuwa anangoja tu sherehe iishe. Alikuwa ameshapanga kitakachofuata.

Sista Jerotich alikuwa amealikwa kuwapima wazee presha. Aliketi karibu naye na sahani yake.

"Baba Natasha, umebakisha nini?"

"Hizi nguo."

"Na kibarua kikipatikana kesho, utafanya na spana gani?"

"Kesho?" Ogada akamwangalia kama amemwuliza habari za mwezini.

Sista akaweka sahani chini. Hakunong'ona, wala hakupaza sauti. "Unafikiria kujiua?"

Tangu kiwanda kifungwe, Ogada alikuwa ameulizwa kama amekula, kama amelipa kodi, kama amelogwa. Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Alihisi kitu kimelegea kifuani, kama nati iliyokwama miaka. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliyeulizwa kama anatumia sukari: "Ndiyo, Sista. Leo."

Kwaya ilikuwa inaimba. Sista alimshika mkono, akamwita Edinah, na wote watatu wakaingia kwenye pikapu iliyoleta tenti. Viti vya kukodi vilivyobaki vilikuwa bado juu yake. Vilifika hospitalini na Ogada, na wagonjwa wa foleni wakavikalia wakisema siku hizi serikali imebadilika.

TULIYOFANIKISHA

Ogada alitibiwa na anaendelea kutibiwa. Sista alituketisha chini, akatueleza kwamba shida ya riziki ikikaa na mtu muda mrefu inaweza kumwingia akilini ikawa ugonjwa, na ugonjwa huo una dawa, una maongezi, na unapona. Akaongeza kwamba vidonge peke yake havimtoshi mtu ambaye nyumbani hamna kitu. Kwa hivyo kila Jumatano, baada ya kuongea naye, tunabaki uwanjani tukipashana habari za vibarua. Jirani akitulia ghafla hatumfanyii sherehe tena. Tunamwuliza, kwa maneno yenyewe.

Spana zilirudi. Kipruto alizirudisha akiwa ameongeza moja, na sasa wanatengeneza baiskeli pamoja. Viatu pia vilirudi, lakini mguu wa Sitati umevipanua mpaka Ogada akivivaa anaweza kugeuka ndani vikabaki vimeangalia mbele.

YANAYOTUKWAZA

Tumesikia kwamba mwezi ukiisha Sista Jerotich atahamishwa Naivasha, na hakuna wa kuja badala yake.

Daktari, hatusemi watu wa Naivasha hawaumwi. Shamba la maua likipunguza watu, tunajua vizuri kinachoingia kwa zile nyumba. Wapeni wao muuguzi pia. Lakini Ogada alichukua majuma mengi kabla ya kumwambia Sista kile ambacho hata Edinah hajakisikia. Jana tulimwuliza atafanya nini Sista akienda. Akasema, "Nitakuwa sawa." Alisema haraka mno. Hatukulipenda hilo jibu, na tumemwambia hivyo usoni.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengi. Tumeyafuta yote: barabara, taa, hata dimbwi, acha likae na flamingo wake. Tunaomba moja. Tuachieni Sista Jerotich.

Na sababu yetu ya mwisho ni hii. Kuna mwenzetu ambaye hayuko hapa. Anasema watu wengi wanamchosha. Amekataa zahanati tangu mwaka jana. Juzi mkewe alikuja mbio kutuambia amekubali kuja kumwona Sista, Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Amenyoa hata ndevu. Bado hatujamwambia kwamba kuna uhamisho. Tumeshindwa kupata mdomo wa kumwambia, Daktari, na tunaomba tusiutafute.

Mungu akulinde njiani, akupe usingizi mzuri na watu wa kukuuliza hali wakingoja jibu. Asante kwa ulichotupa. Asante hata kwa kutusikiliza.

Ni sisi wenu,
Kikundi cha Keti Kwanza, Lanet.