Wasifu wa Mzee Eliakimu Ruhuza, Aliyemfunga Rubani wa Kibirizi

“Rubani yule nilimtoa majini mimi, kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika bunduki.” Hayo marehemu Mzee Eliakimu Ruhuza aliyatamka kwenye kipaza sauti, sherehe za Uhuru, Kibirizi, Desemba 2011. Watu walipiga makofi. Mkewe, Bibi Marcelina, alikaa safu ya pili, hakupiga. Ndiye aliyeagiza leo, hapa mazikoni, pasomwe yaliyokuwa. Mzee Bonifasi, mdogo wa marehemu, alishauri makali yapunguzwe. Bibi akamjibu, “Shemeji, kaka yako kasema miaka arobaini na sita. Mimi naomba dakika tano.”

Marehemu alizaliwa Bangwe tarehe 4 Juni 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Nikodemu Ruhuza. Alianza shule mwaka 1960 akaishia darasa la sita. La saba alilimalizia kwa mdomo, na mdomo huo ndio uliomfikisha kote alikofika.

Alikuwa mpagazi wa magunia ya dagaa Kibirizi, tena hodari, hilo hanyimwi. Alifunga ndoa na Marcelina tarehe 17 Agosti 1974. Baada ya ibada alimbeba bibi harusi mgongoni hadi nyumbani, ili viatu vyake vipya visiguse vumbi. Bibi hucheka hadi leo akikumbuka. Kubebwa mara ya pili hakumbuki.

Vita ilipoanza mwaka 1978 akawa kamanda wa mgambo. Alikabidhiwa rungu na filimbi. Bunduki aliiona kwa polisi.

Jumanne, tarehe 13 Februari 1979, asubuhi, ndege ndogo ya jeshi letu wenyewe iliangukia ziwani, hatua chache kutoka kwenye mchanga wa kuanikia dagaa. Watu wakasema ni ya Nduli, adui tuliyepigana naye, wakakimbilia mlimani. Kamanda aliwatangulia, filimbi mdomoni. Marcelina aliacha dagaa wake, akaingia majini hadi kifuani, akamvuta rubani kwa kitenge. Kijana alitapika maji, kisha akamsalimu: “Mwakeye.” Kiha cha Kasulu, hakina kasoro. Akasema anaitwa Yona.

Hatari ilipokwisha, kamanda alishuka. Alichukua kamba ya Marcelina ya kufungia magunia, akamfunga kijana mikono kwa nyuma. Marcelina alimsihi: huyu ni Muha mwenzetu, kifua kimeumia, mtumbwi huu hapa, tumwahishe hospitali.

“Jasusi yeyote huanza na salamu,” alijibu marehemu. Akaacha mgambo wawili wenye marungu wahakikishe mateka hafunguliwi, akaenda mjini kwa miguu kutafuta mkubwa wa kumkabidhi.

Alirudi na ofisa wa jeshi saa tisa alasiri. Yona alikuwa amekufa tangu saa saba, kichwa mapajani mwa Marcelina, mikono bado nyuma. Ofisa aliitazama kamba, akamtazama kamanda, akavua kofia.

Mwaka uliofuata “niliyemkamata” akawa “niliyemwokoa”. Wageni walikuja kusikiliza, na Marcelina ndiye aliyewachemshia chai.

Machi mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Hospitalini alichomoa dripu mara tatu, mwishowe wauguzi wakamfunga mkono kitandani kwa bandeji. Akaomba, “Nifungue, Marcelina. Naumia.” Bibi alikoroga uji mpaka ukapoa. Kisha akaifungua bandeji fundo kwa fundo.

“Haya,” akasema. “Wewe umefunguliwa.”

Tangu hapo aliushika mkono ule mwenyewe, zamu hakumpa mtu, hadi marehemu alipokata roho tarehe 9 Aprili 2025, saa kumi na mbili asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na wanne na filimbi moja. Apumzike kwa amani, na Yona aliyemtangulia apumzike mikono ikiwa huru.

Kamba ile aliyofungwa ilikuwa ya katani, mpya. Bibi aliinunua soko la Ujiji kwa shilingi kumi na mbili.