Kiti cha Kupoa cha Shangazi

Tarehe 30 Juni, msimamizi wetu wa makeshia anastaafu baada ya kuitumikia benki hii kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake liko kwenye kitambulisho. Sisi tunamwita Shangazi, na hata meneja akijisahau humwita hivyo mbele ya wateja.

Alianza akiwa keshia, akapanda hadi usimamizi. Alipokabidhiwa kitengo, tawi lilikuwa halikaliki: malengo yakiongezwa kila robo mwaka, foleni za mwisho wa mwezi zikifika barabarani, na vijana wakiacha kazi kabla sare hazijawakaa vizuri. Tulichangia zawadi za kuagana mpaka mchango ukawa kama kodi.

Shangazi hakuandaa semina. Alitoa stoo kiti kilichochakaa, akakiweka nyuma ya kabati la vifaa, akatangaza sheria: aliyetukanwa dirishani, au aliyehisi machozi yako karibu, aende akikalie. Haulizwi neno. Maneno ya Shangazi yalikuwa yale yale: "Nenda kapoe, mwanangu. Dirisha lako nalishika mimi."

Siku moja mkaguzi kutoka makao makuu alikuja kuhoji habari za kiti hicho, akakikalia huku akimngoja mwenyewe. Shangazi hakumfahamu, alidhani ni keshia mgeni aliyezidiwa. Akamletea maji, akamwamuru alegeze tai. Mkaguzi alianza kwa kueleza cheo chake, akaishia kueleza usingizi anaoukosa. Ripoti yake haikutaja kiti.

Dada wa dirisha la tatu alikuwa amekwisha kuwaambia wazazi wake kwamba anaacha kazi. Alikikalia asubuhi moja, akarudi dirishani. Mwaka wa sita huu, bado yupo.

Hofu yetu ilikuwa moja: Shangazi akiondoka, na kiti kitaondoka. Pale kinapokaa palikwisha kupangiwa mashine ya kunakili. Juma lililopita Shangazi, ambaye hakuwahi kukikalia, alikwenda akaketi, uso ameuinamisha. Hakuna aliyemwuliza. Dada wa dirisha la tatu alimwachia jirani yake wateja, akaenda kushika meza ya msimamizi. Meneja alitazama yote hayo, kisha akaagiza mashine itafutiwe mahali pengine.

Ahsante, Shangazi, kwa subira yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya njema, na asubuhi ndefu zisizo na foleni. Nenda kapoe. Dirisha tunalishika sisi.