Ansgar Maganga, Fundi wa Mashine za Oksijeni

Marehemu Ansgar Maganga alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Onesmo Maganga na Mama Rhoda. Alimaliza darasa la saba mwaka 1981, akaenda Mwanza kusomea ufundi umeme. Mwaka 1988 aliajiriwa na hospitali moja ya misheni Kahama, akawa fundi wa vifaa tiba hadi ugonjwa ulipomlaza.

Alifunga ndoa na Agatha tarehe 8 Agosti 1992. Siku ya kujitambulisha ukweni alifungua redio ya baba mkwe iliyokuwa ikiimba vizuri, eti aifute vumbi. Mzee alicheka: “Binti yangu, huyu akiona skrubu mikono inamwasha!”

Mikono hiyo ndiyo iliyomtia jeraha lisilopona. Februari 2021, korona ikiwa imepamba moto, kiwanda cha ng’ambo kiliandika kuwa vichujio vya mashine tatu za oksijeni za hospitali vinasafirishwa wiki hiyo. Mashine zilikuwa zimechoka, lakini zilifanya kazi. Kwa haraka yake akazifungua zote, akang’oa vichujio vya zamani ili vipya visimkute hajajiandaa. Siku ya nne nchi ya kiwanda hicho ikazuia vifaa tiba kutoka, ibaki navyo kwa wagonjwa wake. Vile vya zamani vilishanyonya unyevu, havikufaa tena. Akaokoteza vipande, akapata mashine moja.

Wodini walikuwa wagonjwa wawili waliohitaji oksijeni. Sostenes Mageni, mchimbaji wa Bugarama, hakuipata, akafariki tarehe 3 Machi. Ansgar alikwenda msibani, akamwambia mjane, “Mama Noela, mashine nilizifungua mimi, kabla ya wakati.”

Mama huyo alimsogezea sahani. “Kaa ule, Baba Nelly,” akasema. “Umekuja mwenyewe.”

Vichujio vilifika Novemba. Alivifunga vyote mwenyewe.

Mwaka 2024 mapafu yalianza kumsumbua. Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 alilazwa hospitalini kwake. Muuguzi Febronia alipomletea mashine, aliisukuma pembeni.

“Nani mwingine anaingoja?”

“Hakuna, Baba Nelly. Ziko za kutosha.”

“Umeangalia wodi zote?”

Febronia alizunguka wodi zote, akarudi akamhakikishia. Ndipo akakubali kuvalishwa mpira wa hewa. Alifariki Alhamisi tarehe 12, mke wake akiwa kando.

Ameacha mjane, Agatha. Watoto watatu, Nelly, Davis na Frank. Na wajukuu watano. Tulimpenda sana. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.