Bibi Golandam na Kuta za Matofali za Dezful

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutufuta machozi, marehemu Golandam alizaliwa hapa Dezful tarehe 9 Machi 1947, ingawa cheti chake kinasema 1949 na dada yake mkubwa anakataa tarehe zote mbili. Golandam alikuwa mtoto wa nne wa msuka vikapu. Alipofika miaka sita ugonjwa wa macho ulimpofusha, hivyo hakusoma shule, bali alihifadhi Kurani kwa mwalimu wa kike mtaani, akienda na kurudi peke yake, kiganja ukutani, kwa kuwa kila nyumba ya zamani ilikuwa na matofali yake ya urembo, kwa mtia nguo rangi ya nili yamezama kama vishimo vya bao, kwa mwoka mikate yamechomoza kama meno ya msumeno, naye hakuwahi kukosea mlango.

Alianza kusuka vikapu mwaka 1960. Mwaka 1966 fundi Heydar, mjenzi wa kuta za aina hiyo, alimkuta akipapasa kazi yake mbichi, akamfokea, "We binti, toa mkono, haijakauka!" naye akajibu, "Mstari wa tatu umepinda, fundi," Heydar akapima, akakuta ni kweli, na tarehe 14 Oktoba wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu. Kombora la vita na Iraki mwaka 1983 lilipoangusha nyumba mbili za jirani, alikuwa akipotea palepale palipokosa ukuta, mpaka mumewe alipozijenga upya. Heydar alifariki tarehe 2 Februari 2008.

Oktoba 2023 kitinda mimba wao, Kiumars, alipoona ukuta wa mbele wa nyumba yao unamomonyoka, aliupaka plasta kwa nia njema, na jioni hiyo mama alisimama nje akipapasa, akauliza, "Hapa ni kwa nani?" Kiumars akamwambia, "Kwako, mama," naye akasema, "Usinitanie, mwanangu, kwangu nakujua," akakataa kuingia, ikabidi abebwe akilia. Madaktari walisema ni ugonjwa wa kusahau, sisi tukasema ni plasta, na hadi leo hatujui nani alikuwa sahihi, kwani baada ya siku kumi na moja Kiumars aliibandua plasta yote, akauweka mkono wa mama juu ya matofali ya Heydar, naye mama akayapapasa kwa muda mrefu, akatabasamu, akauliza, "Fundi huyu ni nani? Ana mkono mzuri. Ameoa?" Kisha akavua viatu, akaingia kama mgeni, akamshukuru mwanawe kwa kumkaribisha, na kila siku akawa anauliza habari za fundi yule, hadi alipofariki tarehe 6 Januari 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wasukaji wenzake, na majirani waliomshika mkono kila alipopotea. Golandam, Mungu akupe pumziko jema.