Pete ya Mpira wa Baiskeli

Awiti hakuwa mdaku, ila kiti chake kwenye basi la Luzira kilikuwa nyuma kabisa ya mke wa askari wa jeshi aliyepakata mashine ya kufyonza vumbi kama mtoto mgonjwa.

"Tulikuta kwa nyumba tulipewa, ile ya Wahindi walifukuzwa," Filda, mke wa askari, alimwambia mzee Mkenya aliyekaa naye. "Siku hizi haivuti. Fundi Obonyo, hii ni ya wapi?"

Mzee aliitazama tu. "Mwili wa Uingereza, mama. Bomba la Sweden."

"Na vinaingiana?"

"Haviingiani. Bomba ni jembamba, lazima livishwe pete ya mpira wa baiskeli hapa shingoni."

Filda alichomoa bomba. Pete nyeusi ilikuwa palepale, imeshonwa kwa uzi mwekundu. "Eh! Umejuaje na hujafungua?"

Awiti naye alitaka kujua. Akainama mbele, adabu akaiacha kwenye kiti.

"Niliishona mimi," alisema Obonyo. "Mama wa Kihindi mwenye nyumba aliniambia nirudi Desemba niibadilishe."

"Ukarudi?"

"Nilirudi. Alinifungulia mwanajeshi, akaniambia hapajawahi kukaa Mhindi pale."

Filda alilizungusha bomba mikononi. Kisha akagusa jino lake la mbele, akauliza kwa sauti ndogo mno hata Awiti akaacha kupumua: "Huyo mwanajeshi alikuwa na pengo hapa, kama bwana yangu?"

Basi likasimama. Obonyo akarudisha bomba mahali pake, akalikaza vizuri, akashuka.