Viti Sita vya Mama Adèle Feza

Ndugu, majirani, na watu wa dini zote mlioacha kazi zenu asubuhi hii, mimi ni Josiane, mjukuu wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niwasomee, basi ninaomba mkae vizuri, maana bibi alipenda kuona watu wamekaa.

Adèle Feza alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Obokote, Lubutu, binti wa tatu wa wakulima wa mpunga, akaanza shule ya misheni mwaka 1958, na alikuwa darasa la sita vita vya 1964 vilipofunga shule, akabaki na mwandiko mzuri na hamu ya kusoma ambayo haikumwisha. Mwaka 1968 alikuja Kindu kwa shangazi yake, akajifunza kushona, na tarehe 12 Agosti 1970 akaolewa na babu yetu Gérard Mulamba, karani wa reli, wakajenga nyumba huko Mikelenge, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hapa, na Alain ametangulia.

Miaka ile mtu wa reli alikuwa mtu. Kila mwisho wa mwezi babu alileta mshahara, gunia la mchele na samaki wa chumvi, na mwaka 1974 seremala wa stesheni alimtengenezea viti sita vya mbao ngumu, na kwa kuwa hapa kwetu viti huazimwa kwa kila matanga na vingine havirudi, babu alipaka jina lake kwa rangi nyeupe chini ya kila kimoja. Kila juma Mama Sifa, mkulima wa Alunguli, alivuka mto kumletea bibi sombe, majani ya muhogo, na muhogo wenyewe, na kwa miaka ishirini na minne bibi alimpokea mlangoni, akamlipa vizuri, akamshukuru, lakini hakumkaribisha kuketi hata siku moja, na kosa hilo ninalisoma kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisomwe.

Mwaka 1998 vita vilisimamisha treni, mshahara ukakatika, na nyumba za makarani zikabaki na mapazia mazuri na sufuria tupu. Machi 1999 bibi alijitwika kiti kimoja kichwani, akavuka kwa mtumbwi kwenda kutafuta muhogo, na wanawake wa kivukoni wakamtania, «Mama wa reli, leo umebeba stesheni kwa kichwa?» naye akacheka pamoja nao, ingawa tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni. Mama Sifa alikipokea kiti, akakiweka kivulini, akamwambia, «Ukae kwanza, mama, muhogo iko.» Bibi alitusimulia mara nyingi kwamba alikaa, akalia, kisha akala. Alirudi na vikapu viwili na ruhusa ya kulima kipande cha shamba, na Mama Sifa akapaka jina lake chini ya kiti, bila kulifuta la babu.

Babu alifariki tarehe 9 Februari 2001, na viti vingine vikafuata njia ileile, viwili tena kwa Mama Sifa, ambaye sasa mji mzima ulikula mchele wake, viwili kwa Mzee Asumani, aliyesukuma baiskeli ya chumvi kutoka upande wa Kasongo wakati maduka makubwa yalikuwa yamefungwa, na cha sita, mwaka 2004, kwa Michel, mchimbaji wa Kalima, aliyekuwa na pesa nyingi za madini hadi akalipa kiti kimoja bei ya vinne. Kila mmoja alipaka jina lake, na mimi nilipoacha shule kwa kukosa ada, bibi alinipindulia kiti kimoja kwa Mama Sifa, akaniambia nisome hapo nani alishiba baada ya nani.

Shamba lilipomnyanyua tena, alikuwa na haja moja tu, viti vyote sita vikutane kwake, na waliosimama mlangoni pake wakae. Mzee Asumani alirudisha viwili akakataa malipo, akasema, «Kiti imechoka na mimi, Mama Adèle, na mimi nimechoka nayo.» Mama Sifa alirudisha vitatu kwa sharti kwamba bibi ampikie sombe, na bibi alipika sufuria mbili.

Novemba 2023 presha ilimlaza, upande mmoja wa mwili ukalegea, akatuma ujumbe kwa Michel huko Kalima mara tatu kuomba kiti cha sita, na tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na miaka sabini na mitatu, baada ya kuuliza kama kiti kimefika, nasi tukamjibu bado.

Kimefika leo. Michel amekileta amekifunga nyuma ya pikipiki, siku moja na nusu kwenye matope, na chini yake kuna jina la babu, la Michel, na la mke wake Élisabeth, kwa sababu shimo la madini lilikauka na sasa bustani ya mboga ya Élisabeth ndiyo inayolisha nyumba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mikelenge, wanawake wenzake wa soko, na wafanyakazi wa zamani wa reli waliobeba jeneza. Na Mama Sifa, ambaye mpaka sasa umesimama pale mlangoni, familia inakuomba usogee, kiti cha sita ni chako.

Asante, mama. Pumzika kwa amani, bibi, wote tumekaa.